Kompyuta Inamsubiri Nani

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naandikia kwenye meza ya kazini yenye mguu mfupi, kwa hiyo mwandiko ukipinda laumu meza. Mimi sijambo, ila vumbi la vioo linanipigisha chafya kutwa nzima. Magoti ya mama yanasemaje? Na Kibonge wangu je, anakula? Bado hashikwi na usingizi mpaka ashike sikio la mtu? Siku hizi anashika sikio la nani? Hilo usinijibu.

Kazi naiweza. Hapa karakana ya miwani kuna mashine mbili za kusaga vioo, fundi mmoja mkimya kama jiwe, na mwenye mali ambaye wote tunamwita Mzee Nukta. Kila ninapoingiza vipimo vya macho vya wateja ananisimamia begani: "Nukta! Nukta umeiweka wapi? Nukta ikihama, mteja atamsalimia mbuzi akidhani ni mkwewe!" Basi mimi na nukta tumekuwa kama chanda na pete.

Tatizo ni kompyuta yenyewe. Mchana kutwa inafanya kazi vizuri. Jioni nikiiamuru izime, yanatokea maneno kwamba inazima, halafu kiduara kinazunguka. Kinazunguka saa nzima, pengine saa na nusu, na mimi nimekaa nakitazama kama mwehu. Kuiacha hivyo siruhusiwi. Kuikatia umeme ndiyo kabisa, maana karani aliyenitangulia aliikatia mara moja, na vipimo vya wiki nzima vikapotea. Mzee Nukta hafungi mlango mpaka izime, na mimi siondoki mpaka afunge. Tunaangaliana tu.

Jana kaniambia miezi yangu mitatu ya majaribio ikiisha na mashine bado inagoma, atamleta binti wa shemeji yake mwenye cheti cha kompyuta. Unajua maana yake, dada. Nikithibitishwa napewa chumba cha uani, na mwanangu anakuja kukaa nami. Nisipothibitishwa narudi nyumbani na begi langu.

Wewe una miaka minane kwenye kibanda cha kuchapa, kompyuta unazijua hadi tabia za ndani. Nielekeze.

Halafu huyu muuza vitambaa anayetubebea barua kaniambia eti mtoto anakuita mama. Alikuwa anacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka alipoondoka.

Mdogo wako.

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa kwenye mzigo wa muuza vitambaa, imefika inanuka pamba mpya. Mama anakusalimu. Goti la kushoto limepona, la kulia linadeka. Kibonge anakula mpaka tunaficha sufuria.

Kuhusu kuniita mama, ulitaka aniite nani, kondakta? Dada wa mama ni mama mkubwa, na ulimi wa mtoto wa miaka miwili haubebi mizigo miwili kwa safari moja. "Mkubwa" imedondoka njiani, "mama" imefika. Hilo halikupangwa na mimi. Na wewe una jina lako, usidhani umesahauliwa. Ananisikia kila siku nikisema mdogo wangu kaandika, mdogo wangu anasalimu. Basi nikimwonyesha picha yako anapiga makofi: "Mdogo wangu!" Mama alicheka hadi akasimama bila fimbo.

Sasa kompyuta. Kwanza acha kuipiga. Najua umeipiga.

Kabla ya kuizima, funga kila kitu ulichofungua, kimoja kimoja, kwa mkono wako. Chomoa flashi na waya wowote usio na kazi. Kisha izime. Kikianza kile kiduara, bonyeza kitufe cha herufi kubwa, kile chenye kitaa kidogo. Kitaa kikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai, kuna kitu tu kinaishikilia. Kisipojibu, imeganda kweli, na hapo tutazungumza lugha nyingine. Uniandikie ulichokiona, si unachodhani.

Na simu, bado nakuomba usipige. Nilikwambia akisikia sauti yako analia mpaka anatapika. Tuandikiane.

Dada yako.

6 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na goti la mama linalodeka. Hapa mvua imeingia hadi chini ya mlango, fundi mkimya kaongea neno moja wiki hii, na neno lenyewe ni "ndoo".

Mdogo wangu! Yaani mimi nipasuliwe tumbo kwa ajili yake, nimnyonyeshe mwaka na nusu, leo mimi ni mdogo wake! Nimemsimulia mke wa jirani akacheka, nami nikamwambia ndiyo, inachekesha. Kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nimefanya ulivyosema. Nilifunga kila kitu, sikuacha hata dirisha moja. Flashi nilichomoa. Kiduara kilipoanza nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa na kitaa kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazimika. Nilibonyeza mara ishirini kwa furaha mpaka Mzee Nukta akauliza kama nacheza mchezo. Kwa hiyo iko hai. Ila ilizima baada ya saa nzima na dakika kumi, hasira zake ziko palepale.

Yule binti wa shemeji naye kaja. Kavuta kiti changu bila kuomba, kakaa, kaandika kwenye kidaftari, kasema, "Hii imechoka, mjomba. Nunua nyingine." Dakika nne tu! Kucha zake zimepakwa rangi zote, mimi zangu zina gundi ya fremu. Mzee Nukta kamtengenezea chai. Mimi tangu nifike hapa, chai najitengenezea.

Picha uliyotuma nimeipata. Mwanangu kanenepa, nashukuru. Lakini vile viatu ni vya nani? Mimi nilituma ndala nyekundu zenye ua. Nilizunguka maduka matano kuzitafuta. Kwenye picha kavaa viatu vya bluu, vya kufunga, kama anakwenda kazini. Nani kamvua vyangu?

Mdogo wako (na wa Kibonge pia, inaelekea).

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kasema nikuandikie kwa upole, kwa hiyo naandika polepole.

Ndala zilikuwa ndogo. Kisigino kilibaki nje nusu nzima. Ulimpima kwa kumbukumbu, na mguu wa mtoto hausubiri kumbukumbu ya mtu. Nimeziosha, nimezitunza. Viatu vya bluu nilimnunulia mimi. Kama nimekosa, nimekosa.

Turudi kwenye mashine, maana hiyo hainuni. Kitaa kimekujibu, basi haikuganda. Mashine iliyo hai ikagoma kuzima inasubiri kitu. Mara nyingi inasubiri printa. Kuna karatasi ilitumwa ikachapwe, haikuchapwa, na kila jioni mashine inasema ngoja kidogo, huenda printa ikaitika. Je, hapo palikuwa na printa ambayo sasa haipo?

Fungua mahali pa printa, uangalie foleni. Ukikuta karatasi zimepanga mstari, jaribu kuzifuta. Zikikataa, na zitakataa, nenda kwenye orodha ya huduma za kompyuta, itafute inayosimamia uchapaji, isimamishe. Kisha futa karatasi, zitatoka. Halafu iwashe tena huduma hiyo, na jina la printa isiyokuwepo uliondoe kabisa, lisije likakusanya foleni nyingine. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii pa kubonyeza. Yule wa kucha asikutishe. Anayesema nunua nyingine hajatazama iliyopo.

Mimi huku nachapa maombi ya kazi ya watu. Leo nimechapa saba. Unaponieleza mlio wa zile mashine za vioo, na huyo Mzee Nukta na mbuzi wake, nasoma mara mbili. Mara ya pili nasoma peke yangu.

Dada yako.

9 Aprili

Dada,

Leo sitauliza magoti. Mama anisamehe.

Nilifungua foleni. Karatasi kumi na moja, zote kwa printa iliyouzwa mwaka jana kabla sijafika. Kumi zilikuwa orodha za fremu. Ya kwanza kabisa kwenye mstari, iliyozizuia nyingine zote, ilikuwa na jina hili: Jibu kwa mchapaji aliyekataa kazi.

Kabla ya kufuta nikasema nitazame ni nini, isije ikawa kitu cha muhimu. Nikaitafuta barua yenyewe ndani ya mafaili, nikaifungua. Kumbe mchapaji ni wewe. Anwani ya kibanda chako. Naiandika hapa kama ilivyo, nukta kwa nukta:

"Nimepokea barua yako ya kukataa nafasi niliyokupa. Nimekubali kumjaribu mdogo wako badala yako. Nimefurahi kusikia kwamba mtoto wake utabaki naye wewe mpaka atakapoanza shule, hivyo hatakuwa na haraka ya kurudi nyumbani."

Mpaka atakapoanza shule! Dada, mtoto ana miaka miwili. Mimi uliniambia nini pale mlangoni nimebeba begi? Uliniambia miezi mitatu. Uliniambia nafasi imetangazwa, kajaribu bahati yako. Hukuniambia ilikuwa yako. Nimekaa hapa tangu Januari namshukuru Mungu kwa bahati, kumbe bahati ina mwandiko wa dada yangu.

Nilisoma mpaka wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa. Kila siku nilikuwa najiuliza kwa nini unaniita kwa upole kwenye barua na kunizuia kwenye simu. Sasa nakuuliza, na unijibu wewe, usimsingizie mama. Kazi hii uliniachia, au tulibadilishana? Maana kama tulibadilishana, mwenzio sikuambiwa nimetoa nini.

Foleni nimeifuta kwa njia uliyochora. Jioni ile kompyuta ilizima kabla sijasimama kwenye kiti. Mzee Nukta alidhani umeme umekatika.

Mama Kibonge. Ndilo jina langu.

2 Mei

Dada,

Muuza vitambaa kapita mara mbili mikono mitupu. Anasema anakuona kibandani, mzima, unachapa. Anasema ukimwona unainama kutafuta kitu chini ya meza.

Nimethibitishwa. Chumba cha uani kina dirisha moja na msumari mahali pa kuning'iniza kioo. Nimepima, kitanda kinaingia na nafasi ya mtoto kukimbia hatua nne inabaki.

Kuna jambo nalisema ingawa linaniumbua. Mzee Nukta alipouliza nani kanifundisha habari za foleni, nilisema nimejifundisha mwenyewe. Sikukutaja. Jina lako lilifika kwenye meno nikalimeza. Nilisema moyoni, yeye anaye mtoto anayemwita mama, hata sifa za kompyuta azichukue? Na kanitengenezea chai, nikainywa yote.

Nijibu basi, hata matusi.

Mdogo wako.

20 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Kibonge mzima, kaota jino la nyuma, ameshaning'ata kidole nalo.

Nimeandika barua hii mara nne. Mchapaji mzima, nachapia watu barua za kesi na za posa, yangu imenishinda.

Hiyo kazi niliitaka. Usidhani nilikutupia kitu nisichokitaka. Jibu la kwanza lilipofika nililisoma nikacheza kibandani peke yangu; la pili, hilo ulilolikuta, halikunifikia, alinijibu kwa simu tu. Kisha nikarudi nyumbani, nikakukuta umelala mchana, umechoka, na mtoto yuko macho, ananitazama. Akashika sikio langu. Nikajiambia, huyu mdogo wangu hana kazi, baba wa mtoto hajauliza na hataulizwa, na mimi miaka hii yote nimeomba mtoto nikanyimwa. Nikasema nampa kazi. Nilijiona mwema. Hata mama alinisifu. Ile "mpaka atakapoanza shule" niliiandika mkono wenyewe ukienda. Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo umeuliza, nami najibu. Tulibadilishana, na wewe sikukuuliza.

Lingine. Mtoto halii akisikia sauti yako. Ulipiga mara ya kwanza akacheka, akaibusu simu, kutwa nzima akaizunguka akikutafuta nyuma yake. Kila nilipomwita hakuja. Niliyelia ni mimi, jikoni, bomba likiwa wazi ili mama asisikie. Ndiyo maana nilikukataza.

Sasa kazi umeipata, na mtoto unamchukua, na mimi nimebaki na viti viwili vya plastiki na foleni ya watu wanaoomba kazi. Nakuonea wivu, mdogo wangu. Nimelichapa neno hilo kwanza ili nione linavyokaa, ndipo nikaliandika kwa mkono.

Njoo Jumamosi ya kwanza ya Juni. Supu anainywa ikiwa vuguvugu, akiuona moshi anakataa. Akinuna usimbembeleze, mpe kitu cha kubeba, hata kifuniko, ataona ana kazi. Nywele zianze kusukwa nyuma, mbele panamuuma. Akisema "tatu" neno hilo lina maana nyingi kwake. Viatu vya bluu vimeanza kubana.

Mimi Jumamosi hiyo nitakuwa kibandani.

Dada yako.

14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, kwako na kwa mama.

Nilifika nyumbani saa tatu asubuhi nikamkuta mama mlangoni, na begi la mtoto limefungwa kwa mafundo yako. Kibonge alitoka nyuma ya bibi yake, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akanyoosha mkono kama mtu mzima: "Mdogo wangu, karibu." Nikaupokea. Ningefanyaje? Nilipita nje ya kibanda chako nimembeba. Nilikuona umeinama chini ya meza. Nilisimama kidogo. Hukuinuka, nami sikuita. Nikaona tukitazamana siku ile mmoja wetu atamshika mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, na mtoto hana mkono wa tatu.

Siku nne za kwanza sikio langu alilikataa. Alilala ameshika sikio lake mwenyewe. Kila mlango ukilia alisimama akaita mama, na mimi niko pale pale, nimekaa, namtazama anavyonipita kwa macho. Wivu ulinishika, dada, mpaka nikataka kumkemea. Nikampa kifuniko abebe. Akakibeba chumba kizima, hatua nne kwenda na nne kurudi, kisha akanikabidhi, akasema, "Tatu." Sijajua ilikuwa na maana gani, lakini alikuwa anasema na mimi.

Nimemwambia Mzee Nukta ukweli. Nilimwendea asubuhi kabla hajavua kofia, nikasema foleni alinifundisha dada yangu, yule uliyemwandikia. Akanitazama juu ya miwani. "Nilijua," akasema. "Wewe hata nukta zinakushinda, foleni ungeijulia wapi?" Fundi mkimya akacheka kwa sauti. Tangu siku hiyo chai najitengenezea tena.

Sijakusamehe yote, siwezi kukudanganya. Kuna miezi mitano ya mwanangu ambayo wewe unayo kichwani na mimi sina, na hiyo huwezi kuniandikia ikatosha. Jino lile la nyuma mimi sikuliona likitoka. Nikikumbuka hasira inanipanda, nachukua kitana. Halafu namsuka kuanzia nyuma, hajitikisi, na hasira inashuka kidogo.

Basi nimefanya jambo bila kukuuliza, kama wewe ulivyofanya. Jana alipokuita tena mlangoni, nilimwambia mama mkubwa anakuja Agosti, shule zikifungwa na kibanda chako kikikosa wateja. Nikamwonyesha utalala wapi, upande wa dirisha. Hajui Agosti ni nini. Anadhani ni mtu. Kila akiamka anauliza kama Agosti kaamka, nami namjibu bado, anavaa viatu.

Nimeshasema, dada. Usinifanye mwongo mbele ya mwanetu.

Mdogo wako.